Kina cha Shamba la Bi Haugen

Nyumba ya Wazee Betania,
Chumba 14,
Kensett, Iowa.

9 Novemba 2021

Mpendwa mdogo wangu Merlyn,

Kabla sijakujulia hali, niseme nililolificha miaka thelathini na minane: kipimo nilichokupa cha shamba la Bi Haugen kilikuwa cha uongo. Nimelitanguliza kwa sababu nikianza na salamu nitajificha ndani yake, kama nilivyofanya katika kadi zote za Krismasi.

Sasa, hujambo? Mgongo wako unaendeleaje na mvua za huko Oregon? Na shemeji Karlene? Mimi moyo umechoka. Daktari anasema huenda nisiione theluji hii ikiyeyuka. Nakula uji, nasoma gazeti kwa kioo cha kukuzia maandishi, na naona wivu. Ndiyo, hadi leo. Binti zako wanakupigia simu kila Jumapili. Wangu hunitumia picha za mbwa wake.

Karlene aliniambia kwenye simu kwamba bado unawaambia wajukuu mkono wako una mkosi na udongo, ndiyo maana ukaishia kiwanda cha mbao. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Sitaki ufe ukiamini hivyo.

Unajua mimi ndiye niliyepelekwa chuo cha kilimo. Wewe ulibaki na baba, ukajifunza kwa kutazama. Halafu ukaanza kuacha mabua ya mahindi juu ya shamba. Mimi nililima kwa plau kama baba, nikapindua kila kitu hadi shamba likawa jeusi tii, safi kama meza ya kanisani. Watu walikucheka, nami nilikuwa mbele yao. "Mdogo wako ana shamba lisilonyolewa," wakasema, nikaongeza, "Anasubiri liote na masharubu!"

Majira ya baridi yalipokuja, upepo ukaninyoa mimi. Udongo wangu uliruka ukajaa mitaroni, theluji ikawa nyeusi kandokando ya barabara. Wako ulitulia chini ya mabua. Mzee Thorvald Rude alinikuta ninakunywa kahawa pale kwenye maghala ya ushirika, akapaza sauti wote wasikie: "Profesa, shamba lako linahama kwa awamu? Nusu nimeiona kwangu. Uje na koleo!" Wewe ulicheka ukanipiga bega. Hukukusudia ubaya. Lakini kicheko chako kiliniingia kama mwiba na sikuutoa.

Kiangazi kile baba alikuwa mgonjwa. Nilimpakia garini nimpeleke akaone mahindi yangu. Tulipofika njia panda akasema, "Pinda kushoto, Alden. Nataka kuona ya Merlyn." Tukakaa nusu saa mbele ya shamba lako. Alipiga kofi gotini, akasema, "Huyu kijana!" Mimi nilikuwa na miaka hamsini, Merlyn, na nilitamani kulia.

Wewe hukujivuna hata siku moja. Uliona tu kwamba maji yanatuama kwenye shamba ulilokodi kwa Bi Haugen, kwa sababu vuli iliyotangulia sote tuliingiza kombaini na matela mazito kwenye tope tukaushindilia udongo. Ukanunua lile jembe la kutindua, lenye meno marefu yanayopasua chini bila kupindua juu. Ukaja kwangu kofia mkononi. "Kaka, nisaidie kupima. Tabaka gumu linaishia wapi? Mimi mkono wangu hauna digrii."

Nilikuja na ile fimbo ya chuma yenye saa ya kupimia ugumu wa udongo. Nilipima sehemu kumi. Kila mahali fimbo ilianza kugoma kwenye inchi ya nane, na ilipofika ya kumi na mbili ikazama kama kisu kwenye siagi. Ulisimama na penseli, unangoja. Nikakuambia, "Linaanzia ya tano, linaishia ya nane. Tega meno inchi kumi, zinatosha." Ukaandika. Ungeweza kuchimba shimo ukatazama mwenyewe. Hukuchimba kwa sababu kaka yako alikuwa amekwisha sema.

Kwa hiyo meno yalipita katikati ya tabaka, na chini yake kukabaki sakafu. Masika maji yalituama, mahindi yakawa ya njano, na ulipong'oa mmea mmoja mizizi ilikuwa imekunja kona. Watu wakasema ni mabua yako yanaipoza ardhi. Mimi nilikuwa pale wakisema, nikakoroga kahawa. Misimu miwili. Bi Haugen akakunyang'anya shamba akanipa mimi, ukapiga mnada vifaa, ukaondoka na Karlene na watoto.

Salamu nyingi kwa shemeji Karlene, na kwa Janelle na Rhonda na watoto wao. Dada Lois anawasalimu. Atatengeneza ile mikate myembamba ya viazi na kukutumia. Mungu akupe miaka aliyoninyima mimi, na mikono yako isitetemeke. Nimezimaliza salamu hapa makusudi, kwani linalofuata huenda likakufanya uikunje barua.

Jembe lako la kutindua nililinunua mimi pale mnadani, kwa kumtuma mtu. Vuli iliyofuata nilisubiri udongo ukauke, nikatega meno inchi kumi na nne, nikaacha mabua yote juu, kama wewe. Mahindi yalitoka marefu kuliko yote wilayani. Bi Haugen alikuja akasimama ukingoni, akatazama mabua, akatazama jembe. Hakuwa mjinga. Akasema, "Hii ndiyo kazi aliyotaka kuifanya Merlyn, sivyo? Nilimkosea. Mwandikie arudi, shamba ni lake maisha."

Nilimwambia nimeshakuandikia, na umekataa.

Wako akupendaye vibaya, lakini akupendaye,

Kaka yako Alden