Perege wa Mama Mkwe

Jumapili, Msambweni. Manyunyu tangu alfajiri, na moyo wangu hautaki salamu.

Asubuhi nimemtoa Karani majini kwa upawa. Hana mkia, na jicho la kushoto halipo. Aliyelila namjua. Alikuwa palepale, nyuma ya kioo, anachezesha mapezi kama shahidi aliyekuwa akipita njia tu.

Kwa msomaji mgeni: nafuga samaki wa dhahabu kwenye tangi la kioo sebuleni. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuua wachache na kujiuliza kwa nini. Wiki iliyopita walikuwa wanne. Leo yuko mmoja, Bi Harusi, mweupe, mkia mrefu kama shela.

Muuaji aliletwa Jumapili iliyopita, ndani ya ndoo. Mama mkwe alikuwa anatoka kwao Bongwe kwenda kukaa arusini hapa mjini, na bodaboda hata haikuzimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Samaki wenu huyo, wa bwawa la kaka yangu."

Akaondoka. Ndani ya ndoo, perege mzima, mpana kuliko kiganja changu.

Mkwe hahojiwi. Nilikuwa nimeinamisha macho nilivyolelewa, nikaipokea ndoo bila kuuliza. Nikajijibu mwenyewe: mama ameguswa na tangi langu, ameniletea zawadi. Nikavimba kichwa.

Nikamtia tangini moja kwa moja. Kwenye maandishi haya haya nimewakanya wafugaji wengine: samaki mgeni akae kwanza peke yake kwenye ndoo, umtazame kama ana ugonjwa, na asiwe na kinywa cha kummeza mwenyeji. Lakini zawadi ya mkwe utaiwekaje kizuizini?

Kabla ya magharibi alikuwa ameng'oa mimea yote, amechimba shimo kwenye changarawe na kutangaza serikali. Samaki wangu wa kwanza, perege alimgonga ubavuni mpaka magamba yakaelea. Wa pili alimrarua mapezi, maskini akawa anazunguka kama jani, naye anamfuata na kumega, anamfuata na kumega.

Nilisimama na wavu mkononi.

"Mama yangu na samaki wa kufuga, wapi na wapi," alisema mke wangu, Mwanajuma. "Lakini ukimtupa, Baba Rehema, wewe ndiye utakayemweleza."

Sikumtupa.

Nikafunga chekecheke katikati ya tangi iwe ukuta. Akaipiga kwa kichwa hadi ikalala. Ndipo Karani alipokwenda na jicho lake. Nimeuondoa mzoga upesi, maana ukioza hugeuza maji kuwa sumu. Kisha nimechota theluthi ya maji na kujaza ya bomba yaliyolala wazi ndooni tangu jana. Ukimwaga yote kwa kupenda usafi, unammaliza aliyesalia. Bi Harusi amejibana pembeni, shela limekuwa matambara.

Adhuhuri mama mkwe akapita, anarudi kwao. Akasimama mbele ya tangi. Nikatengeneza maneno ya shukrani.

"Huyu mbona mngali naye?"

"Si zawadi uliyomletea mume wangu, mama?" akasema Mwanajuma.

"Zawadi ya nini? Nilimbeba hai asije akaniozea njiani. Kitoweo hicho."

Nikatazama sakafu. Sakafu yetu naijua vizuri sana.

Mama akakunja baibui, akazamisha mkono hadi kiwiko, akamkamata kwa mashavu. Perege akapiga mkia, maji yakaruka hadi kwenye pazia. Akamlaza kizingitini, akamshushia mchi wa kinu kichwani. Mara moja tu. Damu ikafuata ufa wa saruji.

"Na mmemnenepesha, alhamdulillahi," akasema.

Kwa nyama ya samaki wangu.

Akampaka nazi, akanipakulia kipande cha tumbo kwa mkono wake. Mkwe akikupakulia hukatai. Nimekula, macho chini, nikijua fika ninamla nani ndani ya nani.

Alikuwa mtamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa kumetulia. Mama ameshakwenda. Nimefukia shimo, nimerudisha mimea, nimetia chumvi kidogo kwa ajili ya vidonda. Bi Harusi anapumua, ila chakula amekiacha kikazama, na hatoki pembeni. Anatazama palepale alipokuwa akikaa yule. Nimesogeza kiti karibu na kioo.

Samaki huambiwaje kwamba adui yake ameshaliwa?