Babu Yako na Finjani ya Kahawa

Basi Salma, simu ilikatika nataka kukwambia: picha ya kichwa cha babu yako imetoka safi. Hapa mjini Ibra sote wazima, alhamdulillahi. Lakini daktari mwenyewe kasema picha yaweza kuwa safi na maradhi ya kusahau yakawemo. Roho hainitulii.

Unaniuliza mie naona nini. Nilipokuja hapa bibi harusi kutoka Unguja, sikujua kama ukitosheka kahawa unatikisa finjani. Nikamiminiwa, nikanywa, nikamiminiwa tena! Babu yako akacheka: "Tikisa, we mwanamke, utapasuka!"

Jana kwa kaka yangu aliyehamia huku, babu yako kamiminiwa yeye mpaka dele la kahawa likawa tupu. Kashika finjani, ananitazama mimi. Nikamshika mkono, nikautikisa.

Ngoja, mama yako ananiita. Wageni wamefika, na babu yako keshapewa finjani.