Picha Yenye Mtu Anayeisubiri

Mjomba,

Siku tuliyokuzika nilifurahi.

Haya, nimeliandika. Paka wa jirani bado amelala juu ya ukuta kule nje, na dunia haijapasuka. Sijamwambia mtu yeyote neno hilo. Sijamwambia hata Mama, dada yako, ambaye tangu siku ile ananitazama kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa jikoni, akingoja yapande na kumwagika. "Nekesa, hujalia," ananiambia. "Machozi yakikaa ndani yanaoza, mwanangu." Amezungumza na pasta. Amezungumza na mwalimu wangu wa darasa. Juzi alinipikia chapati Jumanne, na unamjua Mama, hapiki chapati siku ya kazi mpaka kuwe na msiba au mgeni. Nilizila zote. Akanitazama zaidi.

Sikufurahi kwa kuwa umekufa. Hilo naomba ulielewe kwanza. Kila nikipita karibu na gari lako dogo pale nje kwa mkeo, bado naangalia kama umeketi ndani. Lakini kulikuwa na kitu kingine siku ile, na hakuna wa kumweleza isipokuwa wewe, kwa sababu ni wewe uliyekianzisha.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha shule, na shuleni siongei. Kiswahili nilikuja nacho Birmingham kutoka Kitale nikiwa na miaka kumi, na wewe ndiye uliyekataa kife. Nikikujibu kwa Kiingereza ulikuwa unazima redio ya gari, unakaa kimya, unangoja. Tulishawahi kufika mjini hivyo hivyo, wewe unangoja na mimi natafuta neno.

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa upigaji picha alituuliza: ni nini hasa kinachomtenganisha mpigapicha wa kazi na yule anayepiga kwa kujifurahisha? Mmoja akasema pesa. Mwingine akasema kamera, kisha akatueleza kamera ya babake mpaka tukachoka. Msichana anayekaa mbele yangu akasema ni kujitangaza mtandaoni. Mimi nilikuwa na jibu, Mjomba. Lilikuwa limekaa ulimini kama pipi, na sikulitema. Kengele ikalia.

Unaikumbuka ile picha yangu ya dirisha la basi la kutoka Lozells? Matone ya mvua kwenye kioo, na taa nyekundu zimevunjikavunjika ndani yake. Mwalimu aliibandika ukutani. Nilikuletea uione ukiwa kwenye mapumziko, nje ya ile nyumba ya kutunzia wazee ulikokuwa ukifanya kazi kule Kings Heath. Ulikuwa na sare yako ya buluu, unakula ndizi. Uliitazama muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya. Kisha ukasema, "Ni nzuri. Mimi siwezi kupiga hivi. Lakini niambie, nani anaisubiri?"

Nikasema hakuna.

"Basi hiyo ni yako, ifurahie. Siku ukipiga ambayo kuna mtu anaisubiri, hiyo sasa ni kazi."

Nilikasirika. Nilidhani umeidharau. Nilikuwa sijui kwamba swali la kazi ni ipi lilikuwa linakuwasha hata wewe. Wiki nzima ulikuwa unaosha wazee miguu na kuwakata kucha, Jumamosi unapiga arusi za watu, na kila mara kulikuwa na mtu wa kukuuliza, "Lakini Wafula, kazi yako hasa ni gani?" Ulikuwa unacheka tu. Nilikuwa nakuona shingoni, shingo yako haikuwa inacheka.

Nami nikabeba begi lako la kamera kwenye arusi hizo. Nilijifunza kwamba betri za akiba hukaa mfukoni penye joto, siyo kwenye begi. Nilijifunza kwamba mpigapicha hula mwisho, na pilau ikiisha basi imeisha. Viatu jozi mbili, kwa sababu mvua ya mji huu haina adabu. Ndugu wawili wasiosalimiana hutenganishwa na mtu mrefu wa kwaya, na mtu huyo haambiwi kwa nini. Na lile kubwa kuliko yote: usiseme "marafiki wa karibu, njooni mpigwe picha." Ulisema hakuna mtu kwenye arusi ya Wakenya anayejiona rafiki wa mbali. Ukitamka hivyo ukumbi mzima utapanda jukwaani, pamoja na mpishi. Ilikuwa sharti ujue kuwaita watu kwa kile walichokuwa kwa wenye arusi. "Waliokaa naye nyumba moja alipofika." "Wa zamu ya usiku." Na watu walikuwa wanainuka kwa furaha, kwa sababu umewataja.

Wakichelewa ulikuwa unapiga makofi: "Wapendwa, kuna mtu anaisubiri hii picha. Tusimcheleweshe." Nilidhani ni mzaha wako wa kuwaharakisha watu.

Sasa siku yenyewe.

Ulimwachia mkeo neno kwamba uzikwe hapa hapa Birmingham, watoto wako waweze kuja kukuona kwa basi. Ilibidi Kukhu, mama yenu kule Kitale, aambiwe. Mama ndiye aliyempigia simu. Kukhu alisema "Sawa," kisha akakata simu. Magoti yake hayapandi ndege. Kwa hiyo picha ndizo zingekuwa mazishi yake.

Aliyepangiwa kuzipiga ni Papa Dido, rafiki yako Mkongomani, mliyezoea kusaidiana arusi zikigongana. Alikuja na kamera zake zote. Ibada ikaisha pale ukumbini Ladywood, ukafika wakati wa kila upande wa familia kusimama na jeneza, na Mzungu wa mazishi alikuwa anaitazama saa yake, lakini kwa heshima. Papa Dido akainua kamera. Akaishusha. Akaiinua tena. Halafu akaja mpaka kwenye kiti changu akanivika ule mkanda shingoni. "Mwana, nashindwa. Macho yangu inajaa maji, vraiment, kweli kabisa. Kamata."

Zamani ningesema mpigapicha wa kweli hashindwi. Sasa sisemi. Aliona kwamba zitaharibika, akampa mwenye macho makavu. Nadhani hata hilo ni kazi.

Nikasimama mbele ya watu. Nikasema, "Upande wa mama, tafadhali." Hakuna aliyesikia.

Anti mmoja wa kwaya akauliza, "Kuna mtu ameongea?"

"Ni Nekesa."

"Kumbe Nekesa ana sauti?"

Watu wakacheka, Mjomba, mbele ya jeneza lako. Ungecheka kuliko wote. Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Nilitafuta neno kama nilivyokuwa nikitafuta ndani ya gari lako redio ikiwa imezimwa, na lililokuja halikuwa langu. Nikapiga makofi, nikasema, "Wapendwa, kuna mtu anaisubiri hii picha. Tusimcheleweshe."

Mama akajifunika mdomo kwa kiganja. Halafu wakaanza kuinuka, taratibu, upande wa mama, kama nilivyosema.

Hapo ndipo nilipofurahi.

Dirisha lilikuwa juu kulia na mwanga ulikuwa unateleza kwenye vanishi ya jeneza, nikahamia kushoto. Kitambaa cha mkeo kilikuwa kinamtia kivuli machoni, nikaenda nikakisogeza kwa vidole vyangu, mimi, nisiyeweza kumgusa mtu bega kwenye foleni. Binamu zako wawili wasiosalimiana tangu ile kesi ya gari niliwaona kabla hawajakaribiana, nikamwita yule mrefu wa kwaya, wa sauti ya nne, asimame katikati. Alisimama kama nguzo na hakuuliza. Kule nyuma kabisa kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, ana koti la kijani na kigari chake cha kuegemea akitembea, kila upande ukiitwa anaangalia kulia na kushoto kama mtu aliyekosa basi. Sikusema marafiki. Nilisema kwa lugha zote mbili, "Wale aliokuwa akiwatunza." Akainuka peke yake. Alitembea polepole mpaka mbele, na watu wote wakamngoja.

Mwisho niliwatoa wote nje, jeneza katikati, kwa picha ya pamoja. Kisha makaburini. Mvua ikaanza, nikabadilisha viatu. Wanaume wetu waliwanyang'anya vijana wa makaburi sepetu wakakufukia wenyewe, wanaimba, suti zao zimejaa tope, nami nikapiga mikono yao.

Tangu nizaliwe, nikiingia kwenye chumba chenye watu sijui nisimame wapi. Siku ile nilijua. Siku nzima nilijua. Na usiponichukia kwa kusema hivi, Mjomba, basi sitajichukia pia.

Muuguzi mmoja wa kanisani alikuwa anakwenda likizo, akazibeba zile picha hadi Kitale, zimesafishwa kubwa kubwa, maana Kukhu haamini simu. Tukampigia kwa video akiwa anazitazama, muuguzi ndiye ameishika simu. Ile niliyoipenda mimi, ya mikono na tope na mvua, aliiweka kando kwa heshima, kama mtu aliyepewa mboga asiyoijua. Akashika ile ya kawaida kabisa, ya pale nje ya ukumbi, watu wote wametazama mbele wima kama darasa la nne. Akaanza kugusa uso mmoja mmoja. "Huyu? Huyu je?" Nami namtajia. Akafika kwenye koti la kijani.

"Na huyu bibi wa Kizungu analia nini?"

"Mjomba alikuwa anamwosha miguu, Kukhu."

Kidole chake kikabaki pale kwenye koti. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa na watu. Siku zote hizi nadhani mwanangu amezikwa na wageni."

Hiyo ndiyo picha aliyokuwa anaisubiri. Ningepiga matone na mikono pekee, mwalimu wangu angefurahi na Kukhu angebaki na wageni wake mpaka afe.

Akauliza tena, "Na wewe mbona sikuoni?" Nikamwambia, "Nilisimama hapo hapo ulipo wewe sasa, nawatazama." Akacheka kidogo. Alisema hiyo ni akili ya Wafula.

Kwa hiyo ungeniuliza leo, ningelitema lile jibu, hata mbele ya darasa. Labda. Nisiahidi sana.

Mambo mengine: watoto wako wazima. Mdogo amepoteza jino na hataki kufumba mdomo. Mkeo ameanza tena kuimba jikoni, na sauti bado ni ile ile mbaya uliyoipenda. Na Jumamosi ijayo kuna arusi uliyokuwa umeshaiahidi. Bibi arusi aliona picha za mazishi yako kwa simu ya mtu, akamuuliza mkeo, "Yule msichana hawezi kuja?" Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyepata kazi ya arusi kwa sababu ya kaburi. Papa Dido amesema, "Wewe sasa ndio patron, ndio bosi. Mie nitabeba taa." Nadhani anatania. Ameshazisafisha taa, lakini.

Aliyebaki ni Mama. Nikimwambia nataka kwenda, atasema nakimbia msiba, nipumzike, nilie kwanza. Nikitaka kumweleza kwamba sikimbii, itabidi nimwambie ule mstari wa kwanza wa barua hii. Ndiyo maana naiandika kwa vipande vipande, na kila nikimsikia akirudi naifunika kwa kitabu cha kemia. Anadhani napenda sana kemia.

Lakini nimekuwa nikiifikiria ile sufuria ya maziwa. Tangu tukuzike Mama amesimama pale, hakai, anangoja aone kilichomo ndani yangu. Na wewe ni kaka yake. Huenda naye anataka kujua kwamba siku ile, katikati ya yote, kulikuwa na mtu mmoja pale ukumbini uliyemwachia kitu chema.

Nakuahidi haya: Jumamosi nitakula mwisho. Nitabeba viatu jozi mbili. Hakuna atakayeitwa rafiki wa karibu. Na nikirudi kwa basi, kama mvua inanyesha, nitapiga dirisha, moja tu, ile isiyosubiriwa na mtu. Hiyo itakuwa yangu, uliniruhusu. Machozi yakija yatanikuta. Sitayafungia mlango wala sitayaita.

Pumzika, Mjomba. Begi nimelibeba.

Mlango wa chini umefunguka. Ni Mama, amerudi kutoka zamu; namsikia akivua viatu na kuguna kwa sababu ya mgongo. Sasa anapanda. Ile ngazi mbovu imelia. Mkono wangu umeshakishika kitabu cha kemia, kwa mazoea.

Nimekirudisha mezani. Karatasi naiacha wazi, ukurasa wa kwanza juu.

Kuna mtu anaisubiri hii. Tusimcheleweshe.

Nekesa