Kivumbasi cha Chupani

Tunduma,
11/9/2003

Mpendwa Dada Gwantwa,

Habari za hapo Mbebe? Natumaini wote mnaendelea vizuri na kahawa imeshaanikwa. Mimi sijambo, masomo yanaendelea, na vumbi la malori ya kwenda Zambia tunalila kama kawaida. Mpe Baba shikamoo yangu. Mwambie lile sweta bado linanitosha.

Dada, hadi hapa unaweza kumsomea. Najua barua zangu unazisomea barazani, yeye akiwa kwenye kile kiti chake cha kamba. Sasa mwambie mwandiko wangu umekuwa mbaya, uingie jikoni usome peke yako.

Ile chupa ya jamu aliyoileta Mjomba Osea, Baba asiinywe tena. Hata kijiko kimoja.

Mwaka huu tumepata mwalimu mpya wa Baiolojia, Madam Fides, aliyesomea Morogoro. Tulipokwenda likizo ya Juni alimtaka kila mmoja arudi na mmea wa kwao. Wenzangu walisahau. Mimi nilileta tawi la kivumbasi cha mlangoni, kile alichopanda marehemu Mama, na Madam akalichagua. Tulikata vipande vidogo kama ukucha, tukavisafisha kwa maji ya jiki, tukavipanda kwenye chupa za jamu zenye uji mzito wa sukari na madawa badala ya udongo. Chupa tulizichemsha kwanza kwenye sufuria ya presha. Watson wa darasani kwetu akaniuliza kama leo tunasoma au tunapika maharage. Wakacheka, na mimi unanijua, niliinama tu.

Halikuota jani. Liliota donge laini la kijani kibichi, lisilo na mzizi wala shina. Madam alisema ndani ya donge kama lile huenda kuna zile kemikali nzuri za kwenye jani, hata kuzidi, na kwamba wenzetu wa nje huotesha vitu vya namna hiyo kwenye mapipa ili watengeneze dawa. Akasema sisi tunajifunza tu. Hilo la mwisho sikulisikia vizuri, au sikutaka kulisikia. Nilikuwa nayawaza magoti ya Baba yalivyovimba. Ndipo nikampa Mjomba chupa moja, pamoja na kile kikaratasi cha kusema Madam ameituma, Baba achemshe, anywe kijiko asubuhi na jioni.

Jumatatu hii Madam ametueleza kwa nini donge halina umbo. Ni tone moja tulilotia kwenye uji. Likiwa dogo linakuza, likizidi linaua. Ndiyo dawa ileile wenye mashamba makubwa wanayopulizia magugu kwenye mahindi. Jina lake niliandika mimi kwenye kila chupa, kwa Kiingereza, herufi moja moja, kwa mwandiko wangu mzuri, wala sikujua ni kitu gani. Nikanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu niingie kidato cha tatu, nikauliza mtu akila lile donge itakuwaje. Akajibu kwamba hajui, hakuna aliyepima, huenda isiwe kitu, ila yeye asingempa hata kuku. Watson akasema labda mwenzetu ameshaonja. Nikakaa.

Nimefika mlangoni pa ofisi ya Madam mara tatu. Sikubisha hodi.

Leo Mjomba amepita. Anasema Baba amefika kwa Mzee Efraimu bila fimbo. Anawaambia watu binti yake anatengeneza dawa Tunduma. Mama Enesi naye amegawiwa kijiko kwa ajili ya mgongo. Na Baba anaomba chupa nyingine. Nikamwomba Mjomba anisubiri niandike barua.

Hapa juu nilipofuta kwa kalamu nilikuwa nimekuandikia uimwage, uchemshe majani ya kivumbasi cha mlangoni, uyatie kwenye chupa ileile, asijue. Lakini asipojua ataendelea kuniomba, na ataendelea kugawa. Basi chimba shimo mbali na kisima, uimwage humo. Akitapika au tumbo likimsokota, mpeleke zahanati na hiki kipande cha karatasi nilichokunja humu. Nimelinakili lile jina.

Kisha rudi barazani, ukae karibu naye, usome kwa sauti.

Baba, shikamoo. Madam hakutuma ile chupa. Niliiba mimi, na maneno ya kikaratasi niliyatunga mimi. Si dawa. Huenda ni sumu, huenda si kitu. Sijui, na mwalimu wangu hajui. Nimefurahi kwamba umetembea hadi kwa Mzee Efraimu, na nimelia, kwa sababu sijui ni nini kilichokutembeza. Tafadhali mwambie Mama Enesi, ujumbe huu usimfikie kwa mtu mwingine.

Nisalimieni majirani wote. Mjomba atarudi huku Jumamosi, nami nitakuwa getini tangu asubuhi. Hata kama hutaki kunijibu, Baba, mpe neno moja tu aje nalo, kwamba umeamka salama.

Ni mimi mwanao,
Jenista