Pale Mama Anapovuta Pumzi

Jumatatu, 4 Machi

Leo mazoezini tumetangaziwa. Okestra yetu inarekodi upya muziki wa filamu aliotunga Baba. Wote! Utepe wa asili umeliwa na ukungu ghalani, zimebaki santuri zilizochakaa tu. Filamu inasafishwa, itarudi kwenye majumba ya sinema ikiwa na muziki mpya. Wenzangu wakanigeukia, wakanipigia makofi. Nikatabasamu kama bibi harusi asiyemtaka bwana.

Kipande cha klarineti ni changu. Kilikuwa cha Mama.

Sina raha. Viongozi wengine wa okestra walishaurekodi muziki huu, na rekodi zao ninazo kabatini. Mmoja alijaza matarumbeta, utadhani yule mjane wa filamuni anapanda ngazi kwenda vitani. Mwingine aliivuta kila noti kama mpira wa manati. Safi zote, na hamna mtu ndani. Ile ya asili inakwaruza, lakini mtu yumo. Mjane anapanda ngazi amekumbatia koti la marehemu mumewe, klarineti inamfuata — halafu katikati inanyamaza. Kimya. Unasikia pumzi ikivutwa, wimbo unaendelea. Watu walikuwa wanarudi sinema kwa ajili ya kimya hicho tu.

Mama alikufa nikiwa mdogo mno. Sauti yake ya kuongea siikumbuki. Pumzi yake naijua.

Jumanne, 5 Machi

Kiongozi mpya amefika. Mtu mzima, mpole, msomi, shati limenyooshwa mpaka unaogopa kumgusa. Anatuvalisha sote visikizio, na humo ndani kuna mlio, tik, tik, tik, wa kutuweka pamoja. Kufikia mapumziko mpiga ngoma keshambatiza: Bwana Saa. Jina limeganda.

Tulipofika kwenye kimya, akahesabu mapigo mawili, akaniashiria niingie. Nikamwomba asubiri kidogo. Kidogo kiasi gani, akauliza. Kwenye karatasi za Baba hakuna hesabu pale, kuna alama moja tu ya kalamu, kama kope la jicho. Bwana Saa akaniambia kwa adabu kwamba watu sitini hawawezi kusubiri kitu kisichohesabika. Ana haki yake. Ndicho kinachouma.

Jioni nikamweleza Baba. Kiharusi kimemwachia masikio na ulimi, mkono wa kuongozea kimeuchukua. Akauliza klarineti anapiga nani. Nikasema mimi. Akageukia ukutani. Shangazi — dada yake, ndiye anayemuuguza — akanivuta jikoni: mwache, kaka yangu huyo, muziki wake ni kama mke, akiolewa na mwingine hata kama umemwacha mwenyewe, roho inachoma tu.

Alhamisi, 7 Machi

Tumerekodi.

Ngazi nzima nimeipanda mbio. Mapigo mawili, basi. Nilivuta pumzi yangu pale pale alipovuta Mama, kwa makusudi, kwa sauti. Tukaenda kusikiliza kwenye chumba cha mitambo. Bwana Saa akainamisha kichwa, akamwambia fundi aifute hiyo pumzi.

"Ni kelele tu," alisema.

Ikafutwa. Hata kovu haikuacha.

Nilitoka nje kukaa kwenye ngazi za nyuma, na dada mmoja wa kampuni ya filamu, anayesimamia kurekodi, akanifuata. Ameona nilivyoumia, si kipofu. Anasema fundi anaweza kukisafisha kile kipande kimoja kutoka kwenye santuri, akakishonea katikati ya muziki mpya. Mama arudi ngazini, sisi wengine tumzunguke. Bwana Saa ameshaulizwa na hakupinga. Lakini muziki ni wa Baba, neno la mwisho ni lake: klarineti ya zamani au yangu. Wanataka jibu Jumatatu. Lisipokuja, inabaki yangu.

Nimerudi nyumbani natembea kama nacheza. Swali gani hilo! Jibu ninalo mfukoni.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Baada ya chakula cha mchana nikaketi kitandani kwa Baba, Shangazi kwenye kiti. Nikaanza na rekodi mpya, waliyonitumia kwenye simu. Baba akafumba macho, mkono wa kushoto ukawa unatembea juu ya shuka. Ulipoisha akasema huyu bwana amekimbia. Shangazi akasema si kukimbia, yule mjane alikuwa na mbwa nyuma. Tulicheka. Hata Baba.

Nikanyanyua sindano ya gramafoni niiweke santuri ya zamani.

"Usiweke," Baba akasema.

Nilidhani amechoka. Nikamwambia ni dakika moja tu, kile kipande cha Mama. Akauliza kama najua nani aliandika kile kimya. Nikasema wewe. Alama yako ipo.

"Alama niliichora baadaye," akasema. "Mimi sikuandika kimya pale."

Akasimulia akitazama dari. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Baba alishatafuta mpigaji mwingine, Mama akamfukuza: wimbo ameandikiwa yeye, hapigi mtu mwingine. Wakaanza. Katikati ya ngazi hewa ikamwishia. Okestra nzima ikasimama imemkodolea macho, Baba mkono uko juu, hajui aushushe au aache. Mama akavuta pumzi, akamalizia. Mwelekezaji wa filamu akatoka kwenye chumba chake analia, anasema ni hiyo hiyo, msirudie. Mama mwenyewe alicheka, akasema angalau ameponea chupuchupu. Filamu ilipotoka, tulikuwa tumeshamzika.

"Kila ninapoingia wananiwekea," Baba akasema. "Harusini, redioni, hata hospitali. Wanadhani wananiheshimu. Na mimi nakaa pale, namsikia mke wangu anakosa hewa, watu wanapiga makofi."

Nilibaki na santuri mikononi.

"Lakini mpya ni mbaya, Baba."

"Mbaya sana. Ila humo ndani hakuna anayekufa. Wape hiyo."

Nikamwambia mimi sina sauti nyingine ya Mama. Yeye anayo, alilala naye, aligombana naye, alimsikia akiimba bafuni. Mimi nina pumzi moja tu, na anataka niifute mimi mwenyewe, niweke yangu juu yake. Sikupaza sauti. Chozi lilimtoka upande ule mzima, upande mwingine wa uso ukabaki mkavu kama wa mtu mwingine.

Shangazi, ambaye hakosi neno, akakusanya vikombe akaondoka.

Jumatatu, 11 Machi

Sikwenda mazoezini.

Asubuhi nimemwogesha Baba. Nimemnyoa. Suala la jana hatukuligusa. Nilipomfunga vifungo alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mmoja, akakaa nacho, akaachia. Kama alikuwa ananiomba au ananiruhusu, sijajua.

Sasa nimejifungia chumbani kwangu na santuri na gramafoni. Nimeweka sauti chini kabisa. Nilitaka kuisikia kama zamani, mara moja, ndipo niamue. Haisikiki tena kama zamani! Mjane hayupo, koti halipo. Nasikia kifua. Kuna mkwaruzo mdogo kabla ya ile pumzi — maisha yangu yote nilidhani ni santuri.

Na bado naitaka. Mungu anisamehe. Nimeiweka tena, tena.

Simu inaita kitandani. Ni dada wa kampuni. Jibu la mfukoni sinalo. Nikisema ya zamani, nimemrudisha Baba kwenye chumba kile cha kurekodia mpaka afe. Nikisema yangu, Mama anatoka kwenye filamu, hata kelele haibaki.

Inaita. Kwenye santuri, klarineti imeanza kupanda ngazi.

Baba amesikia. Ananiuliza kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya kawaida kabisa: nani anapiga?

Sijui anauliza simu au klarineti.