Sura ya Saba ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha, wewe, shemeji na wanangu wawili. Kikohozi cha mdogo kimepoa? Na yule mkubwa bado anagoma kuvaa viatu? Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamtii siku za jua, siku za baridi linamkatalia. Mimi ni mzima, ila nina jambo rohoni. Nitalifikia, usinikimbize.

Kwanza nikupe habari za Baba, maana najua hutauliza, na najua kwa nini.

Baba amekuwa mwandishi kwelikweli. Ulipoondoka alikuwa anajaza vidaftari tukamcheka. Sasa ana zamu kama ya kiwandani. Saa moja asubuhi anavaa ovaroli yake ya bluu, anakunywa chai amesimama, kisha anaingia chumba ulichokuwa ukilala wewe. Ndiyo, amekiteka, ila ameahidi kukihama ukija. Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Ukutani amebandika picha za sayari alizokata magazetini, na Mirihi ameiweka katikati kana kwamba ni picha ya mjukuu. Anaandika kwa penseli mpaka saa sita, anakula, anarudi. Jioni mimi nachapa kwenye kompyuta, yeye kasimama nyuma yangu akiuliza kama nimeelewa. Nikisita kidogo tu, ananinyang'anya karatasi akaandike upya.

Na redio itangaze kwamba kuna chombo kipya kimerushwa angani, basi hakukaliki! Juzi alisimamisha chakula, akachukua chungwa na punje ya mchele, akatuonyesha jinsi chombo kinavyoifukuza sayari ambayo nayo inakimbia, kikilenga pale itakapokuwa miezi saba baadaye. Mama akasema yeye anachotaka ni chungwa lake. Lakini nilimwona akitabasamu. Dada, mtu huyu alikereza vyuma kiwandani miaka na miaka, na anavieleza vyombo vile kama mtu aliyeshika kila nati kwa mkono wake. Ukisoma, unaisikia nati ikikazwa. Mimi niliyelala darasani somo la fizikia, sasa naelewa kwa nini mwanaanga anaelea. Namwonea fahari mpaka naona haya kukwambia.

Kitabu kilipokamilika, sura kumi na mbili, alinipa mimi niutume mswada kwa wachapishaji. Baada ya wiki tano mhariri akajibu. Amekipenda, anataka kukichapa. Ila alikuwa na swali moja: mbona kinaruka kutoka sura ya sita hadi ya nane?

Baba aliisoma barua ile mara mbili. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Iko wapi?" Nikaenda kuitoa chini ya godoro langu.

Hilo ndilo jambo lililo rohoni, Dada. Mimi ndiye niliyeichomoa.

Sura hiyo inaeleza habari za chombo kilichotumwa Mirihi kikapotea kwa sababu kundi moja la wahandisi lilipiga hesabu kwa vipimo vya aina moja, wenzao kwa vya aina nyingine, na hakuna aliyegundua. Mpaka hapo sawa. Halafu Baba anaingia mwenyewe. Unakumbuka tuliambiwa aliacha kazi kwa sababu ya mgongo? Mgongo wake haukuwa na kitu. Alichonga shafti, ule mhimili wa mashine, ya inchi moja mahali palipotakiwa milimita ishirini na tano, tofauti nyembamba kama ukucha. Siku ya tatu mashine ikapasuka, nusura imkate mwenzake mkono. Hakuna aliyejua kosa ni la nani. Baba akaenda kwa meneja kwa miguu yake, akasema, "Ni mimi." Mchana uleule akafukuzwa.

Mwaka ule ndipo ulipoacha shule ukaenda kufua mashuka ya hospitali. Hilo nalo ameliandika. Ameandika kwamba binti yake mkubwa alibeba kosa lisilo lake, na kwamba aliweza kumwambia ukweli meneja lakini akashindwa kumwambia mtoto wake, kwa kuogopa kupoteza heshima machoni pake.

Nilipofika hapo niliacha kuchapa; jioni ile peke yake Baba hakusimama nyuma yangu. Niliwafikiria majirani, wafanyakazi wenzangu, kila atakayenunua kitabu. Nikajiambia namlinda Baba. Nilikuwa najilinda mwenyewe.

Nilimwambia hayo yote huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti. Alisema wale wahandisi walichunguza, wakaandika kosa lao waziwazi, dunia nzima ikasoma, na waliofuata wakajirekebisha, wakafika. "Sasa mimi nisifie ukweli wao," akasema, "halafu wangu ulale chini ya godoro?" Kisha akacheka kidogo, akasema angalau mimi nimekiri mapema, yeye ilimchukua miaka kumi na tisa.

Mhariri ameipokea sura na anasema ndiyo bora kuliko zote. Lakini Baba amemzuia asiichape kwanza: anasema yumo binti yake humo, na hajamwomba ruhusa. Ukikataa itaondolewa kitabuni, wala hatanuna. Nimekuwekea humu kurasa zenyewe, za penseli, kwa mwandiko wake. Nilitaka kukuchapia, akakataa. Posta pia anakwenda mwenyewe. Anasema hanishuku, ila afadhali miguu yake.

Isome ukiwa umekaa. Sikuombi umsamehe, hilo ni lenu wawili. Nakuomba unisamehe mimi, maana mhariri asingehesabu sura, usingejua kamwe kwamba miaka yote hii, huku mlango umefungwa, penseli mkononi, Baba alikuwa anatafuta namna ya kuzungumza na wewe.

Mama anakukumbatia. Wabusu wanangu, na shemeji mpe mkono. Baba amesimama mlangoni amevaa viatu, anasubiri bahasha, kwa hiyo naishia hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku