Wasio na Waume

Jumatatu, 11 Agosti

Mashuka ya nyumba ya wageni ninayoifulia hayakauki. Mawingu tangu asubuhi. Nilikuwa nayageuza kambani alipokuja Kaka Shabani, binamu yangu, msimamizi wa wakfu wa nyumba hii ninayokaa. Hakutaka kukaa. Rukia, mtoto wa dada yake, amemaliza eda ya mumewe na hana pa kwenda na wanawe. Chumba kinatakiwa. Cha kukalika ni kimoja tu, hiki changu.

Nyumba hii aliiweka wakfu bibi yetu mzaa baba. Aliandika: “Wakae humu mabinti wa kizazi changu wasio na waume.”

“Wewe mume unaye, Hawa,” kasema Shabani. “Hujafiwa, hujaachwa.”

Kanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Jumanne, 12 Agosti

Mume ninaye. Idi alikwenda Msumbiji kupasua mbao. Mwaka wa kwanza alipiga simu. Wa pili kidogo. Huu wa tatu, simu haipatikani kabisa.

Rukia nataka nimchukie. Siwezi. Kosa lake nini?

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda Kiwangwa kwa wakwe. Wamenipokea vizuri, wakanimenyea nanasi. Kisha baba mkwe akasema mwanawe hayupo, nitakaa pale kwa nani? Idi akirudi twende wote wawili, milango iko wazi.

Basi. Kwa Shabani mume yupo, nitoke. Kwa wakwe mume hayupo, nisiingie. Nimerudi nacheka peke yangu njiani kama mwehu.

Alhamisi, 14 Agosti

Jirani kaniambia niende kwa kadhi nidai fasakh. Mume aliyepotea, ndoa huvunjwa. Nitakuwa sina mume, na Shabani hatakuwa na neno.

 Idi hakunitendea ubaya hata siku moja. Huenda anaumwa. Huenda yuko chini ya udongo na mimi sijui. Nimwache ili nipate chumba?

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda kwa shekhe wa mtaa hata hivyo. Nilikusudia kuuliza fasakh, kikanitoka kingine: je, haulizwi Bibi mwenyewe alitaka nini?

Kanitazama kidogo. Kasema sharti la mwenye wakfu haliguswi. Ila neno likiwa na maana mbili, hutazamwa alikusudia nini, na alitenda nini alipokuwa hai. “Nani amebaki anayejua?”

Shangazi Tatu tu, binti wa Bibi. Yuko Vigwaza kwa mwanawe. Akili yake inakuja na kuondoka.

Jumanne, 19 Agosti

Vigwaza. Shikamoo yangu kaipokea kwa jina la marehemu mama. Nimemuuliza habari za nyumba, kanisimulia ng'ombe. Nimemuuliza tena, kakasirika, kasema nimekuja kumuibia. Nikavaa viatu niondoke, machozi hayashikiki.

Ndipo akasema, kama anayemalizia maneno ya zamani: “Somoe wa kaka yangu naye alilia hivyo mama alipomwingiza mle. Mumewe yuko jela.”

“Kwa hiyo alikuwa na mume, shangazi?”

“Wa jela ndiye mume? Anakuletea unga?”

Mwanawe amesikia. Ameahidi kumleta kwa shekhe Ijumaa. Naomba Mungu akili yake isiondoke.

Ijumaa, 22 Agosti

Tumekaa barazani kwa shekhe baada ya sala. Rukia pia, kajifunika uso. Shangazi kaeleza yote sawasawa, hata rangi ya kanga ya Somoe. Nikadhani yameisha.

Shabani akasema, kwa adabu, kwamba Bibi angetaka wake wa wafungwa na wasafiri wakae humo angeandika. Somoe alikaa kwa huruma ya mwenye nyumba akiwa hai. Huruma haikuandikwa. Lilikuwa neno la mtu mwenye akili.

Shekhe akanigeukia.

“Idi anakulisha?”

“Hapana.”

“Anakuvisha?”

“Hapana.”

“Yuko wapi?”

“Sijui.”

“Una mume?”

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameshasinzia.  Nilikuja pale nisimwache Idi, na sasa njia ya kubaki ni ile ile, kumkana.

“Sina,” nikasema.

Shekhe akasema ndoa yangu hakuigusa, ipo kama ilivyokuwa. Ila Bibi, alipoandika wasio na waume, alikusudia wasio na wa kuwastiri, na alilionyesha hilo kwa Somoe. Hawa abaki. Rukia naye ndiye hasa aliyeandikiwa; tutagawana chumba. Shabani kakubali, kanipa mkono.

Nimeshinda. Nimefika nyumbani nikalala chini sakafuni na buibui langu. Nimelisema mbele ya watu. Sina.

Jumapili, 24 Agosti

Rukia kahamia na magodoro yake. Tumefunga pazia katikati, ila jioni watoto walikuwa wameshalala upande wangu. Sikuwahamisha.

Baada ya magharibi kamuombea marehemu mumewe. Kisha kauliza, taratibu, “Mama mdogo, na baba mdogo Idi nimtaje na wasafiri au na marehemu?”

 Yeye akangoja, mikono bado ameiinua.

“Mtaje jina tu,” nikamwambia.

Akalitaja. Nikasema amin.